Wanatupima Tukiwa na Njaa

Hotuba niliyoitoa Dodoma mbele ya wagonjwa wa kisukari na presha, ndugu zao na wauguzi, Siku ya Kisukari Duniani, 14 Novemba

Mbukwenyi!

Wazee wangu, shikamooni. Mama zangu, dada zangu, kaka zangu, na ninyi wauguzi wetu mnaotubeba mwezi hadi mwezi, habari za mchana.

Walioandaa shughuli hii walinipangia nizungumze saa nne asubuhi. Niliwaomba wanisogeze mpaka saa nane na nusu, baada ya chakula. Wakaniambia, "Mama, saa hiyo ukumbi mzima utakuwa unasinzia." Nikawajibu kwamba hao wanaosinzia ndio ninaotaka kuongea nao. Kwa hiyo atakayelemewa asione haya. Pale nyuma, upande wa madirisha yanayoingiza upepo, imetandikwa mikeka minne. Ukizidiwa nenda kajilaze, na jirani yako akusindikize. Humu ndani hakuna wa kukucheka.

Mimi ni mzaliwa wa Kondoa, nimeolewa Bahi, naishi hapa Nkuhungu. Kisukari ninacho mwaka wa 14 sasa, presha mwaka wa 9. Kazi yangu ni masijala. Nafungua majalada, nayatia namba, nayapeleka kwa wakubwa, nayarudisha kabatini.

Kwa muda unaokaribia miaka 3, kila siku ya kazi, mwili wangu ulikuwa unazimika mchana. Sisemi kule kusinzia kwa mtu aliyeshiba wakati jua la Oktoba limekaa juu ya bati. Hicho kila mtu anakijua, na saa ya mwili yenyewe ina bonde lake dogo mchana hata kwa mzima. Nasema hivi: nakula saa saba, ikifika saa saba na dakika arobaini shingo inakuwa nzito, masikio yanavuma, maandishi kwenye jalada yanaogelea. Nikiinuka kwenda kabatini, giza linanijia usoni, nashika ukingo wa meza mpaka lipite. Kisha nalala, na wala sijaamua kulala. Nazimika kalamu ikiwa mkononi, nazinduka saa tisa na nusu kinywa kimekauka, blauzi imelowa mgongoni, na kwenye karatasi kuna mstari wa wino ulioshuka kutoka neno la mwisho nililoandika mpaka chini ya ukurasa. Jalada moja lenye mstari ule bado lipo. Naligusa mara kwa mara.

Mkuu wangu wa kazi wa wakati ule aliniandikia barua ya onyo kwa kosa la kulala kazini. Barua za watumishi zinawekwa masijala, na masijala nilikuwa mimi. Nililifungua jalada langu mwenyewe kwa mkono wangu, nikaipachika ile barua, nikaipa namba ya folio, yaani ya nafasi yake ndani ya jalada, nikalirudisha mahali pake. Mwenzangu wa meza ya pili aliniona. Hakusema kitu. Kuanzia siku ile alikuwa anakuja na khanga ya ziada, nikizimika ananifunika mabega, na mtu akiingia anamwambia nimetoka kidogo.

Nyumbani nako hakukuwa shwari. Watoto walishajifunza kwamba Jumapili baada ya chakula mama hasemeshwi. Mume wangu, Mungu amzidishie, alidhani nimemchoka. Mimi mwenyewe nilianza kuamini ninachoambiwa, kwamba ni uvivu. Hapo ndipo pabaya kuliko pote, ndugu zangu, mgonjwa anapoanza kujishtaki mwenyewe kwa ugonjwa wake.

Mtaniuliza, na kliniki je? Kliniki nilikuwa siikosi. Nafika saa kumi na mbili asubuhi bila kutia kitu kinywani, kama tulivyoelekezwa wote. Natobolewa kidole, sukari 6.4. Navalishwa mkanda wa presha, 132 kwa 80. Yanaandikwa kwenye daftari, naambiwa hongera mama, unaendelea vizuri. Nikisema nachoka sana nikila, mmoja ananijibu punguza kula, mwingine ananiambia ni umri. Siwalaumu. Walisema walichokiona, na walichokiona ni mimi nikiwa na njaa.

Wanatupima tukiwa na njaa, na ugonjwa wangu ulikuwa unakuja nikishashiba.

Kipimo cha asubuhi kina kazi yake, msije mkasema nimewaambia mkiache. Kile cha damu kinachoonyesha sukari ya miezi mitatu nacho kina kazi yake, lakini kile ni wastani. Wastani wako unaweza kuwa wa kuridhisha, huku kila mchana unapanda mlima na kuporomoka, na hakuna anayekuona kwa sababu saa hiyo uko ofisini, uko shambani, uko sokoni Majengo umekaa nyuma ya fungu lako la nyanya.

Aliyenifungua macho ni muuguzi kijana aliyekuwa bado mafunzoni. Aliniuliza swali moja tu: "Mama, umewahi kujipima saa ile ile inapotokea?" Sijawahi. Miaka yote ile, na mashine ya sukari ninayo kabatini, sijawahi. Akanichorea jedwali kwa rula kwenye karatasi, akaniambia siku tatu zinatosha.

Niliazima mashine ya presha, ile ya mkono wa juu, kwa jirani. Tukaifanya kazi hiyo ofisini, mimi na yule mwenzangu wa khanga, mlango umerudishwa. Siku ya kwanza nilikula wali na maharage, sahani ile ile ya kila siku. Kabla ya kula sukari ilikuwa 7.0 na presha 132 kwa 80. Nusu saa baadaye namba ya juu ikawa 118. Dakika kumi na tano zaidi, 101. Mwenzangu alidhani mashine imeharibika, akajipima yeye, yake ikawa vizuri tu. Saa mbili tangu tonge la kwanza, sukari 15.8. Siku ya pili ilikuwa ugali wa sembe, presha ikatoka 130 ikaangukia 96, sukari 16.1. Siku ya tatu niliamua nile nusu ya ugali na mboga nyingi. Presha ilishuka kidogo, ikaishia 114, sukari 11.9, na kwa mara ya kwanza kwa miezi mingi niliona saa nane na nusu macho yakiwa wazi.

Daktari alipoiona ile karatasi alinyamaza, akavuta kiti karibu. Akaniambia yanayonipata saa hiyo ni mambo mawili, na kila moja linalisukuma jenzake.

La kwanza ni presha kushuka baada ya kula. Nitalieleza kwa maji, maana sisi wa Dodoma tunaujua mgao. Maji ya visima vya Mzakwe yakifunguliwa, nyumba za bondeni zikiwa zinajaza matangi, aliyejenga kilimani anafungua bomba anasikia upepo tu. Mwili nao una bonde na kilima. Ukila, damu nyingi inaitwa tumboni kwenda kushughulikia chakula. Kwa mtu ambaye mishipa yake ya fahamu ni mizima, moyo unaongeza mwendo, mishipa ya damu ya sehemu nyingine inajibana, na kichwa hakikosi fungu lake. Amri hiyo huitoi wewe. Inapita kwenye mishipa ya fahamu inayofanya kazi bila kuulizwa, na kisukari cha miaka mingi kinaitafuna mishipa hiyo kama kinavyotafuna ile inayotutia ganzi miguuni. Ndiyo maana hali hii huwaandama wenye kisukari cha muda mrefu, wazee, wenye ugonjwa wa Parkinson, na sisi wa dawa za presha. Madaktari wanaihesabu hivi: namba ya juu ikianguka kwa 20 au zaidi ndani ya saa mbili baada ya kula. Mimi nilikuwa naanguka 31, siku ya pili 34.

La pili ni sukari yenyewe. Kwa watu wazima wengi wenye kisukari, baada ya kula tunalenga isifike 10. Ikifika 15 au 16, sukari imejaa kwenye damu lakini haiingii kwenye misuli inavyotakiwa. Ghala limejaa na jiko halina unga. Figo nazo zinaimwaga ile ziada kwa mkojo, na mkojo unaondoka na maji yako. Mwili ukishakauka, presha inashuka kirahisi zaidi. Mnaona yalivyokuwa yanashikana mikono.

Halafu akauliza, kidonge cha presha unakimeza saa ngapi? Nikamwambia saa saba, na chakula, kwa sababu ndiyo saa nisiyoisahau. Akaweka kalamu chini. Presha inashushwa na chakula, na saa hiyo hiyo naisaidia kushuka. Nilikuwa najivunia kutosahau dawa, na sikuwahi kumwambia mtu saa ninayoimeza, wala hakuna aliyeniuliza. Nililia pale kitini. Alikihamishia kidonge usiku kabla ya kulala. Tafadhali sana, ndugu zangu, asitoke mtu hapa akahamisha dawa zake mwenyewe leo usiku. Zipo dawa ambazo lazima ziende na chakula, nyingine zikisogezwa zinadhuru. Mwambie daktari saa unayomeza na unachokula nayo, umwachie aamue.

Yaliyobaki yalikuwa ya mezani, na hayo ndiyo magumu, kwa sababu mezani hatukai peke yetu.

Kabla ya kula sasa nakunywa maji, bilauri mbili, zinakaribia nusu lita. Yanasaidia kuinua presha kwa watu wa aina yangu. Mwenye ugonjwa wa moyo au figo aliyewekewa kiasi cha maji asinifuate katika hili. Sahani yangu moja kubwa nimeigawa, nusu saa saba, nusu saa kumi. Nikimaliza kula siinuki ghafla. Nakaa nusu saa, miguu nimeinyanyua juu ya boksi la karatasi, na boksi lile wote ofisini wanajua ni la nini.

Na ninabadili utaratibu wa kula. Mboga na maharage kwanza, au samaki, au yai. Ugali au wali mwishoni. Mtu anaweza kusema tumbo ni moja, kuna tofauti gani? Ipo. Nilipima. Chakula kile kile, kiasi kile kile, nikianza na wali 14.9, nikianza na kunde na mchicha 11.2. Kinachotangulia kinaichelewesha sukari njiani. Mlenda wetu nao una ute ambao ni nyuzi za kuyeyuka majini, na nyuzi hizo zinapunguza kasi ya sukari kuingia kwenye damu. Sasa, mlenda bila ugali unaulaje? Mimi naumegea tonge dogo dogo la uwele, mlenda mwingi. Kijiko nimekiachia kunde.

Mama mkwe wangu analima mpunga Bahi. Wali unaoliwa kwake ni wa mchele alioupandikiza akiwa ameinama kwenye tope, akaufukuzia ndege kuanzia alfajiri. Mara ya kwanza nilipofika kwake na ulaji wangu mpya, alinipakulia sahani iliyopanda kama kichuguu. Nikaanza na kambale, nikaendelea na majani ya kunde. Aliniangalia muda. Kisha akauliza, taratibu kabisa, "Mwanangu, mchele wangu una nini?"

Nilishindwa kumjibu. Ningemweleza nini, mishipa ya fahamu? Nikatoa kijidaftari changu kwenye pochi, nikasogea mkekani karibu naye. Mama hajasoma, lakini ameuza mpunga kwa gunia na kwa debe maisha yake yote, na tarakimu anazijua kuliko mimi. Nikamwambia, "Mama, siku niliyotanguliza wali, hii hapa. Siku niliyotanguliza mboga, hii." Akazishika zile namba kwa kidole, moja baada ya nyingine. Akaniuliza, "Na presha yangu mimi, wanaipima asubuhi au nikishakula?" Siku hizi kwake mboga inatangulia mkekani, wali unakuja nyuma ndani ya hotipoti, na hakuna mgeni anayeona ajabu.

Kuhusu uwele na mtama, najua nagusa moyo wa watu hapa. Tunaambiana kwamba ugali wa uwele ni dawa ya sukari. Kwangu uwele ulinipandisha taratibu kuliko sembe, na dona nalo hivyo hivyo, nami nimeachana na sembe. Lakini siku niliyokula uwele wa kujaza sahani kwa kujiamini, nilipata 13.4. Uwele una wanga. Punguza tonge hata kama ni la uwele. Na juisi ya zabibu, hata iwe ya zabibu za hapa hapa kwetu, ni sukari isiyo na kitu cha kuizuia.

Wako mnaochoka baada ya kula kwa sukari tu, presha haishuki. Kwenu kutembea ni dawa. Mwaka 2016 watafiti wa New Zealand walichapisha majibu ya watu 41 wenye kisukari aina ya 2. Walipotembea dakika 10 baada ya kila mlo, sukari ya baada ya kula ilikuwa chini kwa asilimia 12 kuliko walipotembea dakika 30 kwa mkupuo wakati wowote wa siku, na baada ya mlo wa jioni tofauti ilifika asilimia 22. Dakika 10 ni kutoka nyumbani kwako mpaka kwenye duka la mangi na kurudi. Kama unashuka presha, ngoja kwanza kichwa kitulie, na usitembee peke yako.

Humu najua wapo pia wasio na kisukari. Kuna wenye selimundu, wenye figo, wenye tezi ya shingo, waliopona Uviko na nguvu hazikurudi. Uchovu wenu una milango mingine. Upungufu wa damu unaweza kuwa mmojawapo, kukoroma na kukatika pumzi usiku ni mwingine. Na wenye kisukari wanaotumia vidonge vya metformini kwa miaka waombe waangaliwe vitamini B12, maana dawa hiyo inaweza kuipunguza. Na wapo ambao wakijituma leo wanalipa kesho na keshokutwa kitandani. Hao msiwalazimishe dakika 10 za mtu yeyote. Wapumzike kabla hawajaishiwa.

Sasa naomba mnisikilize kwa makini, hasa ninyi ndugu wa wagonjwa. Kuna usingizi ambao si usingizi. Mtu wa kisukari, hasa anayetumia insulini au vidonge vinavyolazimisha kongosho kutoa insulini, kama glibenklamidi, akitoka jasho jembamba, akitetemeka, akijibu maneno yasiyoeleweka, akataka kulala, usimtandikie. Mpime. Ikiwa chini ya 3.9, na hata kama mashine huna, mpe sukari vijiko vitatu vya chai kwenye maji, ngoja dakika 15, mpime tena, ikiwa bado rudia, kisha ale kitu. Kama hawezi kumeza, usimtie kitu mdomoni, mkimbize hospitali. Anayezimia baada ya kula, anayeshikwa kifua, anayelegea upande mmoja au ulimi kuwa mzito, huyo naye hangoji tarehe yake ya kliniki.

Nakubali vijiti vya kupimia ni ghali. Mwezi mwingine nachagua kati ya boksi la vijiti na ada ya mtoto. Ndiyo maana sisemi mpime kila siku. Ukiwa na vijiti sita tu, vitumie siku tatu, kwenye mlo mmoja ule unaokulaza: kimoja kabla ya kula, kimoja saa mbili tangu tonge la kwanza. Presha pima umekaa, kabla ya kula, halafu kila baada ya dakika 15 au 20 mpaka saa mbili ziishe, na mashine ya jirani inatosha. Andika ulichokula, saa uliyomeza dawa, saa mwili ulipolegea. Karatasi hiyo ndiyo uende nayo. Ukisema "nachoka," kila mtu anachoka. Ukiweka mezani 132, 118, 101, daktari anavuta kiti.

Nanyi wauguzi na madaktari wetu, nawaomba kwa heshima kitu kidogo. Katika yale maswali ya asubuhi, ongezeni hili: "Ukishakula, unakuwaje?" Halafu mngoje jibu.

Barua yangu ya onyo haikuondolewa. Iko pale, na namba yake. Lakini nyuma yake, folio inayofuata, iko barua ya daktari inayoeleza kwa nini napumzika nusu saa mchana na kwa nini nakula mara mbili. Niliipachika mwenyewe.

Tulianza kula saa saba kamili, nilikuwa naangalia. Sasa ni saa tisa kasoro dakika kumi. Pale mlangoni kuna meza mbili, moja ya sukari, moja ya presha, na wauguzi wameshavaa glovu. Vijiti vipo 60. Anayepimwa anapewa namba yake kwenye karatasi, na hasomewi mbele ya watu. Tuanze na waliolala mikekani. Tuwainue polepole, wakae kwanza, ndipo wasimame.